Nyumba janja na simu ya saa nane usiku

Leo sina siasa wala mpira. Nina jambo la kukiri, halafu nina maoni yangu. Ukitaka kunibishia ruksa, ila nisikilize kwanza mpaka mwisho.

Siku moja simu yangu iliita saa nane usiku. Mnajua wenyewe, simu ya ndugu saa nane usiku moyo unakimbilia msibani. Alikuwa mjomba wangu anayeishi Goba.

"Shikamoo mjomba. Kuna nini?"

"Marahaba. Hebu niambie mjomba, huyo rafiki yako katuletea nini humu ndani? Taa za nyumba nzima zimejiwasha zenyewe. Mama watoto kajifungia bafuni, anasema kuna mtu ameingia."

Hakukuwa na mtu. Umeme ulikuwa umekatika mtaani tangu saa nne, na saa nane ukarudi. Sasa, zile taa zinazowashwa kwa simu, nyingi za bei nafuu zimepangwa tangu kiwandani kwamba umeme ukirudi, ziwake. Sababu yake ni ya maana kabisa: ukizima taa kwa simu halafu simu ikapotea, uweze kuiwasha kwa swichi ya ukutani, zima-washa, basi. Lakini huyo aliyezipanga hivyo hakuwaza mtaa ambao umeme unarudi usiku wa manane watu wamelala. Kwenye aina nyingine kuna mahali pa kubadilisha mpangilio huo ndani ya programu ya simu. Rafiki yangu hakujua. Taa kumi na nne, nyumba nzima, zikawaka kama harusi.

Nikampigia rafiki yangu. Akaamka, akaanza kumwelekeza mjomba kwa simu, bonyeza hapa, bonyeza pale. Mzee wa miaka sitini na kitu, miwani haioni, saa nane usiku, anatafuta kialama cha gia kwenye simu. Mwishowe wakazima swichi kuu. Wakalala gizani.

Sasa nikiri. Mimi ndiye niliyempeleka huyo rafiki kwa mjomba. Na baya zaidi, miezi michache kabla ya hapo mimi ndiye niliyeandika habari ya kumsifu. Mnazijua habari hizo: "kijana msomi ajiajiri, afungua kampuni ya nyumba janja." Nikampiga picha kasimama chini ya taa iliyogeuka rangi ya zambarau. Nikaandika kwamba ni mfano wa kuigwa. Sikumuuliza hata swali moja gumu. Sikumuuliza, kwa mfano: mteja akipiga simu saa nane usiku, nani analipia ile simu?

Hilo swali ndilo biashara yenyewe. Ndiyo hoja yangu ya leo. Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii wanadhani wanauza vifaa. Kifaa mteja anaweza kukinunua mwenyewe Kariakoo. Unachouza ni kuwajibika siku kifaa kinapogoma. Na hicho ndicho kitu ambacho hakuna anayetaka kukilipia, na ambacho mwanzilishi mwenyewe hakuwa amekipangia bei.

Kwa nini inavutia

Tusiwacheke vijana wanaoikimbilia. Kwa mtu aliyesoma umeme au kompyuta pale DIT au chuo cha VETA, halafu ameshatembeza bahasha mpaka soli imeisha, hii biashara inaonekana kama mlango ulioachwa wazi. Huhitaji fremu. Huhitaji mashine kubwa. Begi la mgongoni, kipima umeme, bisibisi, drili ya kuazima, simu yenye bando. Vifaa vipo. Nyumba zinajengwa kila siku Goba, Mbezi, Kigamboni, Bunju.

Wala si jambo jipya duniani. Kampuni ya Pico Electronics ya Glenrothes, Scotland, ilibuni mfumo wa X10 mwaka 1975, ikipeleka amri za kuwasha na kuzima kupitia nyaya zilezile za umeme wa nyumba. Kilichobadilika ni kwamba zamani ilikuwa mainjinia na matajiri, leo kifaa kinauzwa kwenye boksi dogo kama la sabuni, na maelekezo yake ni picha nne.

Picha nne hizo ndizo zinazodanganya.

Ukuta hausomi maelekezo

Ngoja niwaambie kitu kimoja cha kifundi, vumilieni. Nyumba zetu nyingi zimefungwa nyaya kwa mtindo tuliorithi kwa Waingereza. Umeme unakwenda kwanza darini, penye taa. Pale ndipo laivu na nyutro zinapokutana. Kisha waya wa laivu unashuka mpaka kwenye swichi na kurudi juu. Kwa hiyo ukifungua kiboksi cha swichi ukutani, unakuta laivu inayoingia na ile inayorudi. Nyutro haipo.

Swichi ya kawaida haina shida na hilo, kazi yake ni kukata na kuunga tu. Swichi janja ina kichwa chake. Ina redio ndani inayosikiliza simu yako saa ishirini na nne, kwa hiyo yenyewe inakula umeme hata taa ikiwa imezimwa, na nyingi zinahitaji nyutro ili zile. Rafiki yangu alinunua swichi tisa za mjomba kwa pesa ya malipo ya awali, akafika Goba, akafungua ukuta, akabaki anaangalia waya mbili.

Zipo njia za kutoka hapo. Unaweza kuchimba ukuta upitishe waya mwingine, na mama mwenye nyumba aliyepaka rangi juzi akuue. Unaweza kununua swichi zisizohitaji nyutro, ambazo zinajipatia umeme wake kidogo kidogo kupitia kwenye taa yenyewe. Ukiwa na taa za LED za wati chache, umeme huo mdogo unatosha kuzifanya ziwake kwa mbali au zipepese hata zikiwa zimezimwa, mpaka uongeze kifaa kingine kidogo penye taa. Au unaweza kupanda darini na kuweka vile virilei vidogo palepale penye nyutro. Hii ya tatu ndiyo nzuri mara nyingi, lakini dari ya bati saa saba mchana Dar es Salaam... ulizeni waliopanda.

Rafiki yangu aliishia kurudisha swichi dukani. Muuza duka akamwambia maneno ambayo sote tunayajua, kwamba mali ikishauzwa hairudi. Akazibeba zikawa hasara yake, akamfungia mjomba taa janja badala ya swichi janja. Ndizo hizo zilizowaka saa nane usiku. Mnaona jinsi kosa moja linavyozaa lingine?

Hapo sijagusa mambo mengine. Tofali za saruji na nondo za madirishani zinadhoofisha mawimbi ya waifai, ruta ipo sebuleni, kifaa kipo getini. Ndugu aliyeko ughaibuni analeta zawadi ya swichi kutoka Marekani, umeme wao wa nyumbani ni volti 120, wetu ni 230. Ukikiunga kifaa cha volti 120 kwenye umeme wetu, usishangae moshi. Halafu lawama kwa nani? Kwa fundi, bila shaka. Zawadi haina kosa.

Nyumba inayofikiri kwa kichwa cha mbali

La pili ambalo picha nne hazisemi: vifaa vingi vya bei nafuu havifikirii ndani ya nyumba yako. Ukibonyeza simu ukiwa kitandani ili taa ya sebuleni izimike, amri inaondoka kwako, inapita kwa mtoa huduma wako wa intaneti, inafika kwenye seva nchi nyingine, ndipo inarudi sebuleni kwako. Hatua kumi kutoka kitandani mpaka kwenye swichi, lakini amri imezunguka nusu ya dunia.

Siku njia ikikatika je? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini, na ilichukua siku kadhaa kurudi. Sitaki kuingia kwenye siasa leo, nimeahidi. Nauliza swali la kifundi tu: mtu ambaye geti lake linafunguka kwa simu peke yake, alitokaje?

Na si lazima waya ukatike. Aprili 2022 kampuni ya Insteon ya Marekani ilizima seva zake bila kuwaaga wateja, watu wakaamka nyumba zao hazisikii. Kabla ya hapo, mwaka 2016, kifaa cha Revolv kilichouzwa kama dola 300 kilifanywa kopo tupu baada ya kampuni iliyokinunua kuzima huduma yake. Kama hayo yanatokea Marekani, kwa kampuni zenye majina, wewe unayefunga kifaa cha kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye boksi kwa herufi zinazofutika ukilowesha mkono, una uhakika gani?

Kwa hiyo sheria ya kwanza ambayo ningempa kijana yeyote anayeanza: usifunge kitu ambacho kikikosa intaneti kinakuwa hakina maana. Taa iwake kwa swichi ya ukutani. Geti lifunguke kwa ufunguo. Vipo vifaa vinavyoongea wenyewe kwa wenyewe humo ndani ya nyumba, na ipo programu kama Home Assistant, iliyoanza mwaka 2013, ambayo haina leseni ya kununua na inakaa kwenye kompyuta ndogo ndani ya nyumba ya mteja. Inataka kusoma, inataka uvumilivu. Lakini ukishaijua, humtegemei mtu wa mbali akuamulie.

"Kijana, wewe umebonyeza tu"

Haya, tuje kwenye pesa, maana huku ndiko biashara nyingi zinakofia.

Mjomba alikubaliana na rafiki yangu ufundi wa shilingi 200,000, mbali na vifaa. Alianza na bei kubwa zaidi, mjomba akaikata. Kwa maneno ya mjomba mwenyewe: "Kijana, waya hujavuta, ukuta hujachimba, wewe umebonyeza simu tu. Hiyo hela yote ya nini?" Akakubali, kwa heshima ya mzee, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimekaa pale pembeni nikichekacheka.

Alifunga kwa siku mbili. Kisha akarudi Goba mara sita. Mara ruta imebadilishwa, vifaa vyote vimepotea. Mara mtoto amefuta programu kwenye simu ya baba yake ili apate nafasi ya michezo. Mara taa moja imeungua. Mara ile ya saa nane usiku. Jumla siku nane. Gawanya wewe mwenyewe: shilingi 25,000 kwa siku, kabla hujatoa nauli ya daladala na bodaboda, bando, na posho ya kijana anayemshikia ngazi. Halafu kumbuka swichi tisa zilizobaki kabatini kwake.

Na mjomba si mtu mbaya! Ni mstaarabu, analipa ada za watoto wa ndugu. Ila sisi wote tumelelewa kuamini kwamba kinacholipiwa ni kitu unachokishika. Boksi tunalilipia bila kelele. Akili iliyojua boksi gani linafaa, na miguu itakayorudi likiharibika, hiyo tunaipa "hela ya soda."

Lakini nisiwapake mafundi mafuta pia. Nao wana lao. Tumezoea fundi wa kesho: kesho nakuja, nipo njiani, nimefika hapo kona. Fundi anayechukua malipo ya awali ya mteja wa pili ili amalizie kazi ya mteja wa kwanza. Mteja anayekata bei na fundi anayekata simu ni ndugu wa baba mmoja, kila mmoja amemfundisha mwenzake kutomwamini. Kijana mpya anapoingia na begi lake, anairithi hiyo kesi ambayo hakuifungua yeye.

Dawa yake siijui zaidi ya karatasi. Andika. Kazi ni hii, vifaa ni hivi, ufundi ni huu, ndani ya siku thelathini nikikosea mimi narudi bure, baada ya hapo kurudi ni shilingi kadhaa, au tunza mfumo wako kwa malipo ya kila mwezi. Mteja asaini. Wengine watakimbia. Waache wakimbie. Mteja anayekimbia karatasi leo ndiye angekupigia saa nane usiku miaka miwili.

Makaratasi mengine

Kuna karatasi za serikali pia, na hapa vijana wengi wanajidanganya kwamba "mimi nafunga vidude tu." Jina la biashara au kampuni unasajili BRELA. TIN unachukua TRA. Leseni ya biashara unakata. Hayo wengi wanayajua. Yasiyojulikana sana ni haya: kazi ya kufunga mifumo ya umeme inahitaji leseni ya EWURA, na leseni hizo zina madaraja kulingana na ukubwa wa kazi. Vifaa vinavyotumia mawimbi ya redio, na waifai imo humo, vinatakiwa viwe vimeidhinishwa na TCRA.

Najua utasema hayo ni mambo ya kumchosha mtu anayejitafutia riziki. Nilikuwa nasema hivyohivyo. Lakini fikiria: unapanda dari la mtu, unagusa waya wa volti 230, unaacha rilei la bei rahisi limezungukwa na mbao kavu. Moto ukitokea, swali la kwanza litakuwa nani aligusa waya huu na kwa leseni gani. Kama huna leseni, ungana na mwenye nayo. Mpe sehemu yake. Ni nafuu kuliko kulala mahabusu.

Funguo za nyumba za watu

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Wiki moja baada ya ile simu nilikutana na rafiki yangu Sinza tukanywa chai. Nilitaka kumwomba radhi. Katika mazungumzo akanionyesha simu yake. Ili kurahisisha kazi, alikuwa amesajili vifaa vya wateja wake wote kwenye akaunti moja, ya kwake. Ni rahisi kweli: mteja akilalamika, anarekebisha akiwa nyumbani. Nikaona orodha: Goba, Tabata, Kijichi, Mbezi. Akagusa mstari mmoja, ikafunguka picha ya sebule ya watu. Sebule hai. Dada wa kazi alikuwa anapiga pasi huku anaimba, hana habari kwamba wanaume wawili wanamtazama wakiwa Sinza na chapati mkononi.

Tulinyamaza wote wawili. Akazima haraka.

Rafiki yangu si mtu wa hovyo. Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Lakini simu yake ingeibwa pale kituoni, mwizi angekuwa na macho ndani ya nyumba nne, na mageti mawili angeyafungua kwa kidole. Mwenye nyumba hakujua. Dada wa kazi hakujua hata kwamba ile kitu nyeupe juu ya kabati inaona. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ipo tume ya kuisimamia. Lakini kabla ya sheria kuna aibu. Hili lilikuwa jambo la aibu na tuliijua wote.

Nikamwambia afute. Akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Sawa, nimpe kila mteja akaunti yake. Akisahau neno la siri, na atasahau, nani atarudi Goba?"

Mnaona tumerudi palepale? Kufanya kazi kwa uaminifu kuna gharama, na gharama hiyo haimo kwenye zile shilingi 200,000. Mteja akikata bei ya ufundi anadhani anapunguza faida ya fundi. Kumbe mara nyingine anapunguza usalama wake mwenyewe, maana fundi naye atatafuta njia ya mkato ili asife njaa.

Kwa hiyo tuache?

Wapo watakaosema hii ni anasa ya Masaki, Mtanzania wa kawaida ana haja gani na taa ya zambarau. Kwa taa ya zambarau nakubali. Lakini njoo huku kwetu ambako maji yanakuja kwa zamu. Maji yanatoka saa tisa usiku. Lazima mtu aamke, awashe pampu, asubiri tangi la juu lijae, azime. Akipitiwa na usingizi, tangi linamwagika na maji yenyewe ni ya kulipia. Kisima cha chini kikikauka pampu ikiwa inazunguka, inaungua. Katika nyumba nyingi anayeamka ni mama au dada. Hilo ni tatizo la kila siku, na dawa yake ni boya, sensa ya kiwango cha maji na rilei. Haihitaji intaneti. Haihitaji mzee kuvaa miwani.

Au chukua LUKU. Hita ya maji ya kilowati 3 ikichemsha saa mbili mfululizo imekula uniti 6. Kitu kinachoikata baada ya muda fulani hakina maringo yoyote, lakini mwenye nyumba atakiona kwenye mfuko wake mwisho wa mwezi. Au ndugu aliye ughaibuni anayejenga Kigamboni kwa kutuma pesa, anayetaka kuona kama saruji imefika kweli. Watu hawa wana shida, na shida ndiyo inayolipa. Maajabu hulipiwa mara moja, siku ya kwanza, wageni wakiwepo.

Kwa hiyo kijana mwenye begi la mgongoni, kama unanisoma: usiache. Ila anza na pampu. Funga vitu vichache unavyovijua mpaka ndani, badala ya kila kipya kinachoshuka Kariakoo. Fungua swichi za mteja uangalie nyutro kabla hujagusa pesa yake. Funga mfumo nyumbani kwako kwanza, uuache ukatikiwe umeme mara ishirini, uone unaamkaje. Funguo za mteja mkabidhi mteja. Na taja bei ya kurudi kabla hujakwenda.

Na wewe mwenye nyumba, ukimwita huyo kijana, usimuulize boksi ni bei gani peke yake. Muulize: ukirudi ni bei gani, neno la siri litakuwa la nani, na intaneti ikikatika nitafungua mlango vipi. Akiwa na majibu, mlipe. Akikosa, usimkate bei, mwache aende akajifunze.

Na sisi waandishi tunaopenda habari za "kijana ajiajiri." Makofi yetu yana gharama. Mjomba alimwamini rafiki yangu kwa sababu aliona jina lake limechapwa. Rafiki yangu aliaga kazi ya kibarua aliyokuwa nayo kwa sababu niliandika kwamba amefanikiwa, wakati alikuwa na wateja watatu na deni. Tungewauliza vijana hawa maswali magumu mapema, labda wangeanguka mara chache zaidi, au wangeangukia mahali laini.

Rafiki yangu bado yupo kwenye kazi. Amefuta ile akaunti, alizunguka kwa wateja wake wote mmoja mmoja kuwakabidhi za kwao, kwa nauli yake. Wawili walimfokea. Mmoja alimshukuru. Kwa mjomba alitoa taa zote janja, akarudisha za kawaida, akafunga pampu ijizime yenyewe tangi likijaa. Mjomba kalipa ufundi kamili safari hii, ingawa alinung'unika kidogo, mzee ni mzee.

Zile swichi tisa bado ziko kabatini. Kama nyumba yako ina nyutro kwenye swichi, niambie.

Ile habari ya kwanza ilikuwa ya kupiga makofi. Hii ndiyo niliyopaswa kuandika. Nawasilisha.